Ugonjwa Usiokuwa Mfupi: Maisha ya Mama Adzo Sefakor Dogbe, 1955–2018

Wasifu uliosomwa na mdogo wake, Mwalimu Komla Dogbe, Dzakpakope, Jumamosi tarehe 22 Septemba 2018

Mchungaji, wazee wa ukoo wa Dogbe na wa ukoo wa Amuzu, wanakwaya, majirani, nanyi mliosafiri: asanteni kwa kuja kumsindikiza dada yangu. Mikononi mwenu mna karatasi yenye picha yake. Ukurasa wa tatu una wasifu uliofupishwa na kamati ya mazishi. Msiufuate huo. Mimi nasoma ule nilioandika mwenyewe, kwa sababu marehemu aliniagiza jambo moja lisemwe mbele ya koo hizi mbili siku ya kumzika, na kamati ilikuwa imelikata kwa kalamu nyekundu. Likifika mahali pake nitalisema.

Adzo alizaliwa hapahapa Dzakpakope tarehe 14 Machi 1955, siku ya Jumatatu kama jina lake linavyosema. Baba yetu, Mzee Agbeko Dogbe, alikuwa msuka nyavu. Mama yetu, Mama Kafui, alikuwa mzamiaji wa chaza wa mtoni, na watu wa rika langu wanakumbuka kwamba hakuna harusi iliyoliwa kijijini hapa bila chaza wa Mama Kafui. Adzo alianza kuzama naye akiwa na miaka saba. Alishuka na kibuyu kiunoni, nami niliyezaliwa miaka miwili baada yake nikabaki kwenye mtumbwi nikimhesabia pumzi. Akiibuka aliuliza, "Ngapi?" Nilimwambia arobaini hata kama amekaa ishirini na tano. Alijua nadanganya, na alifurahi vilevile. Huo ndio uongo pekee niliowahi kuusema kwa faida yake.

Siku zile mto ulifurika kila mwaka, ukazoa magugu, taka na konokono na kuvipeleka baharini. Mwaka 1964 bwawa lilifungwa kule juu, Akosombo, na mafuriko yakaisha. Kijito chetu cha Nyivi kikatulia kama maji ya beseni. Magugu yakaota, konokono wakashika magugu, na chaza wakapungua hadi wakabaki wa kuhadithiwa. Nasi tulishangilia. Wanawake walisema maji sasa yamekuwa na adabu, yanakungoja mlangoni. Tulioga humo, tulifua humo, tulichota humo maji ya kunywa, na haja ndogo tuliimalizia humohumo. Hatukujua kwamba mkojo wa mtu unampa konokono mdudu, na konokono anamrudishia mtu mdudu huyo kupitia ngozi. Ndugu zangu wa Dzakpakope, tulikuwa tunaambukizana kama watu wanaopitishiana kata.

Marehemu alianza shule ya misheni mwaka 1961. Alikuwa hodari wa kusoma kwa sauti, na mchungaji wa wakati huo alimpa Zaburi asome kanisani akiwa darasa la nne. Mwaka 1967 ndipo damu ilipoingia shuleni kwetu. Wavulana tulipojipanga nyuma ya choo, mkojo ulitoka mwekundu, mmoja leo, watatu wiki ijayo, hadi mwisho wa mwaka ikawa aliye na mkojo mweupe ndiye anayejificha. Wakubwa walituambia ni ukubwa unaingia. Mvulana asiyekojoa damu aliitwa binti. Mimi nilichelewa, nikataniwa mpaka nikalia, na ilipofika zamu yangu, Aprili 1968, nilikimbia nyumbani kumwambia baba. Mzee Agbeko alicheka mpaka akakaa chini. Akanichinjia jogoo. Wazee waliitwa, wakala, wakanitemea baraka kichwani wakisema Dogbe amepata mwanamume.

Dada yangu alikuwa akikojoa damu mwaka mzima kabla yangu. Mama alipoona nguo yake alidhani mwezi wake umeanza mapema, akampa vitambaa, akamwonya asikae karibu na wavulana. Adzo alivaa vitambaa vile kila siku, mwezi mzima, miezi yote, akiamini ndivyo wanawake walivyo. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Vilipolowa darasani alibaki ameketi hadi wenzake wote watoke. Mwaka 1969 aliacha shule. Wanaosema aliacha kwa kukosa akili, akiwemo mmoja aliyeandika hivyo kwenye rasimu ya kamati, wasome daftari zake, bado ninazo. Maji yale yale, mdudu yule yule, damu ile ile. Mimi nilipewa jogoo, yeye akapewa vitambaa. Mkuki kwa nguruwe.

Chaza walipokwisha, marehemu alijitafutia kazi nyingine. Kuanzia mwaka 1971 aliuza abolo pale darajani Sogakope, mikate ya mahindi iliyovukizwa kwenye majani, pamoja na dagaa wa kukaanga. Alifanya kazi hiyo miaka arobaini na mitano. Madereva wa njia ya Aflao walimjua kwa sauti. Abiria aliyechukua abolo bila kushukuru aliambiwa, "Nenda tu baba, itakukwama Akatsi." Watu walicheka, wakashukuru, wakanunua nyingine. Alilipia ada ya mtoto wake kwa sinia lile, na mwaka ambao mimi nilikuwa chuo cha ualimu bila viatu, viatu vilitoka kwenye sinia hilohilo.

Tarehe 4 Desemba 1976 marehemu alifunga ndoa na Bwana Gershon Amuzu, fundi seremala, ambaye ameketi pale safu ya pili. Ilikuwa ndoa ya kupendana, na anayebisha hakuwaona wakigombania redio. Mwaka 1978 walimpata Esinam. Baada ya hapo mimba mbili ziliharibika, kisha hazikuja tena. Na kila mumewe alipomkaribia, Adzo alitoka damu. Mchungaji anisamehe, lakini hapa ndipo kamati ilipoweka kalamu. Mwenyekiti wetu, binamu yangu Seth, aliniambia kwamba mambo ya chumbani hayasomwi makaburini. Nilimjibu kwamba yalisomwa uani kwa Mzee Agbeko mbele ya watu thelathini, naye Seth alikuwepo, alikuwa anagawa viti.

Ilikuwa Jumapili tarehe 17 Februari 1985, baada ya ibada. Mama mkwe wa marehemu alileta shuka yenye damu. Msemaji wa ukoo wa Amuzu, marehemu Mzee Fiave, akasimama. Alisema mke akitoka damu kwa kuguswa na mumewe, na tumbo lake likafunga, basi kuna mwanamume mwingine kati yao, na wahenga ndio wanaomfichua. Akamtaka Adzo ataje jina la mtu huyo ili mambo yatengenezwe bila mtu kufa.

Adzo hakulia. Alisimama, akajifunga kitenge chake upya, akasema, "Wazee wangu, sina jina la kutaja. Damu hii naijua tangu darasa la sita. Komla naye alikuwa nayo. Yeye mlimchinjia jogoo, mkala mpaka shingo. Kama damu ni uzinzi, basi anzeni na yeye. Mwulizeni, yuko hapo."

Mzee Fiave akanigeukia. "Mwalimu, ni kweli haya?"

Nikasema, "Sikumbuki jambo kama hilo, mzee."

Nilikumbuka vizuri sana. Nilikumbuka na zaidi. Mwaka 1980, nikiwa chuoni, daktari mmoja alikuja kutupima. Alitufanya turukeruke uani saa sita mchana ili mayai ya wadudu yashuke, kisha akatugawia vichupa vya mkojo. Aliponiita aliniambia nina kichocho, kwamba wadudu wanakaa kwenye mishipa ya kibofu, kwamba wametoka kwenye maji ya kwetu, na kwamba niwalete watu wa nyumbani kwetu wote watibiwe. Alinipa vidonge, nikapona. Sikumleta mtu. Nilikuwa kijana, nilijiambia ni ugonjwa wa utotoni, utawaisha wenyewe kama upele. Na siku ile ya Februari, kwenye kiti cha nne kutoka kwa Mzee Fiave, alikuwa ameketi mzee ambaye wiki mbili kabla nilikuwa nimempelekea kinywaji cha kumposa binti yake. Ningesema nilikuwa na ugonjwa sehemu zile, posa ingevunjika. Niliogopa. Sina neno zuri zaidi la kuweka hapo. Mke wangu Mawusi, aliyeposwa kwa kimya hicho, nilimwambia juzi. Hajanisemesha tangu juzi, na ana haki.

Baraza likaamua marehemu atakaswe. Shangazi yetu Dopeyie alisimamia. Siku saba, kila siku saa sita mchana, wakati ambao njia haina mtu na jua ndilo shahidi, dada yangu alipelekwa Nyivi akasimamishwa ndani ya maji hadi kiunoni, akamwagiwa kwa kibuyu huku wanawake wakiimba. Wimbo ulikuwa mrefu. Miaka mingi baadaye nilisikia kutoka kwa daktari kwamba wadudu wale humtoka konokono kwa wingi zaidi jua likiwa utosini. Tulitaka kumtoa damu, tukampeleka kwenye kisima cha damu yenyewe, tukamchagulia na saa. Hata mtu aliyekusudia kumuua asingepata saa nzuri kuliko ile. Shangazi Dopeyie alifanya kwa mapenzi, alimlilia kweli, na naye alikuwa ndani ya maji pamoja naye siku zote saba. Mnajua naye alikufa kwa nini, ingawa kwenye karatasi yake tuliandika uzee.

Siku ya tatu nilikutana na Adzo njiani akirudi, kitenge kinachuruzika. Nilimsalimu. Aliniangalia, akasema, "Komla, mdogo wangu, wanaosha mpini. Kisu unacho wewe."

Damu haikukoma. Mwaka 1986, mwezi wa Mei, alirudishwa nyumbani kwa baba na sanduku lake na mtoto wa miaka minane. Tangu siku ile, hadi Agosti mwaka huu, kuna watu Dzakpakope waliovuka njia kumwepuka, na kuna watoto waliofundishwa wimbo wa abolo ya mwanamke mchafu. Aliusikia. Mara moja aliwasahihishia tuni, akawaambia wakiimba uongo basi waimbe vizuri. Lakini nilimwona usoni. Iliuma kila siku.

Kanisani hakuruhusiwa kushiriki meza ya Bwana mpaka mwaka 1994, na aliporuhusiwa hakwenda. Alisema hajui amesamehewa nini.

Niseme la mwaka 2009. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya hapa. Wauguzi walikuja na dawa za kichocho za wanafunzi, na ile fimbo ndefu yenye alama: mtoto anasimama, urefu wake unasema apewe vidonge vingapi. Dada yangu alikuja na sinia lake, akalitua, akapanga foleni nyuma ya watoto. Alipofika mbele, muuguzi alimwambia kwa heshima, "Mama, hizi ni za wanafunzi tu."

"Basi niandikishe," akasema Adzo. "Niliacha shule sijamaliza hesabu za sehemu."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa na daftari la majina mkononi, na kalamu, na mkebe ulibaki na vidonge kumi na kimoja ambavyo vilifungwa vikarudishwa wilayani, kwa sababu ndivyo mwongozo ulivyosema. Adzo alijitwika sinia lake akaondoka. Mpaka leo wanafunzi wa mwaka ule wananisifu kwa utaratibu.

Sasa ugonjwa. Karatasi yenu inasema marehemu alifariki "baada ya kuugua kwa muda mfupi." Najua tunaandika hivyo kwa kila mtu. Tuliandika hivyo kwa baba, na kwa vijana wawili wa kwa Sokpe. Kijiji hiki kina maneno matatu ya kuzikia watu, na hilo ndilo la kwanza. Dada yangu aliugua kuanzia mwaka 1967 hadi mwaka 2018. Hesabuni wenyewe. Ni miaka hamsini na mmoja. Huo si muda mfupi hata kwa mti.

Mwishoni mwa mwaka 2016 alianza kukojoa mabonge, na miguu ikavimba. Esinam na mimi tulimpeleka hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo, mtaratibu. Aliuliza alikulia wapi, na utotoni alikuwa anaoga wapi. Kisha akatueleza: kichocho cha muda mrefu kilikuwa kimegeuza kibofu kuwa saratani, na figo zilikuwa zimeziba. Akaeleza pia kwamba mwanamke mwenye kichocho huweza kutoka damu akiguswa, na mimba huweza kuharibika, na kwamba wengi husingiziwa umalaya. Alisema hilo kama mtu anayesoma jambo la kawaida. Adzo alimsikiliza hadi mwisho. Kisha hakumwangalia daktari, aliniangalia mimi.

"Wewe ulipewa dawa lini?"

Nilidhani nitadanganya tena. Mdomo ulikuwa tayari. Nikasema, "Mwaka themanini."

"Na mimi niliogeshwa mwaka themanini na tano."

"Ndiyo, dada."

Esinam alitoka nje. Nilipiga magoti, nikaomba msamaha, nikamwambia nitaita baraza Jumapili ileile niyaseme yote. Alikataa.

"Nikiwa hai watasema nimekuhonga abolo," akasema. "Ngoja nife. Maiti hahongi mtu. Utayasema mbele ya jeneza langu, kwa sauti ya darasani, na Gershon awepo. Na usilie, ukilia watakuhurumia wewe."

Kuhusu msamaha hakunijibu. Nilimuuliza tena mwaka jana, na tena Juni mwaka huu. Alibadilisha mazungumzo, akaniuliza kama nimekula. Sitasimama hapa niwadanganye kwamba alinisamehe. Sijui.

Marehemu alifariki dunia Alhamisi tarehe 9 Agosti 2018, saa nne asubuhi, nyumbani kwa binti yake huko Sogakope, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tunavyosema. Lakini yeye hakuficha. Aliyeficha ni mimi, na kifo kimemchukua yeye.

Kwa hiyo sasa nafika pale aliponituma.

Mzee Fiave ametangulia, lakini swali lake liko palepale uani tangu Jumapili ile, na halina mwingine wa kulijibu. Aliniuliza, "Ni kweli haya?" Ndiyo, mzee, ni kweli. Nilikojoa damu mwaka 1968, na nilichinjiwa jogoo, na wewe ulikula paja. Nilipona mwaka 1980 kwa vidonge. Nilijua dada yangu ana ugonjwa wangu, nikasema sikumbuki. Hakukuwa na mwanamume mwingine. Hakukuwa na jina la kutaja. Kosa lililokuwa nyumbani siku ile lilikuwa limekaa kwenye kiti changu.

Shemeji Gershon, sikuandika haya kukuaibisha. Wewe uliambiwa na waliokuzidi umri, na mtu pekee aliyeweza kuwakanusha alinyamaza. Naona umesimama. Simama tu, kaka. Yeye alitaka uwepo.

Na akina mama mlioketi nyuma, mnaovaa vitambaa viwili wakati wa kuja kanisani na kusema ni uzee, au ni mambo ya wanawake: Esinam yuko langoni na karatasi yenye jina la daktari. Hatauliza mtu kitu. Asubuhi nilipopita Nyivi kulikuwa na watoto tisa majini, na mmoja wao ni mjukuu wangu. Nilimtoa kwa sikio. Wengine wanane niliwapigia kelele mpaka wakatoka, kisha nikasikia wamerudi.

Marehemu ameacha binti mmoja, Esinam Amuzu, muuguzi. Mkwe mmoja, Bwana Prosper Sokpe. Wajukuu watatu, Selorm, Edem na Sefakor mdogo. Wifi yake Mawusi, aliyemwogesha jana na kumvisha. Aliyekuwa mume wake, Bwana Gershon Amuzu. Na mdogo wake mmoja, Komla, ambaye kwa vipimo vya mwezi uliopita ni mzima kabisa wa afya.

Dada Adzo, lala mahali pakavu. Ulikuwa msafi kabla hatujakuosha.